Meza Ambazo Adoyo Alizipanga Upya

Mzee Chepyegon aliingia katika maktaba ya Kimulot na gambuti zake zenye matope, akavua kofia, akaweka simu juu ya meza ya mkutubi, Adoyo, kwa uangalifu, kama mtu anayeweka kuku wa kuuza.

"Madam, nitolee barua ya mjukuu. Ameitwa shule, lakini barua iko ndani ya kompyuta."

"Karibu, mzee. Keti hapa tuitafute pamoja. Wewe utaandika, mimi nitakuonyesha."

"Niandike mimi?" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Vidole yangu ni ya kuchuma chai, msichana wangu. Nikigusa hiyo mashine ikufe, mtasema nilipe."

"Haitakufa. Ukijifunza leo, kesho hutahitaji mtu."

"Na wewe uko hapa kwa kazi gani, kama ni mimi nitafanya?"

Adoyo alimweleza. Alimwambia kwamba mtu hukumbuka alilolifanya kwa mkono wake kuliko alilofanyiwa, na kwamba maktaba ipo ili watu wajitegemee. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha akachukua simu na kofia yake, akashukuru, akavuka barabara hadi kwenye saiba ya Weldon, duka la kompyuta na intaneti. Baada ya muda mfupi alitoka na barua mkononi. Alipoona Adoyo anamtazama dirishani, aliinua ile barua na kumpungia nayo. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa amefurahi tu kwamba shida yake imekwisha.

Nilisoma na Adoyo chuo kikuu, katika shahada ya sayansi ya maktaba, na mengi ya haya alinisimulia mwenyewe. Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi, zile tunazoziita laini, kwenye shamba moja kubwa la chai nje ya mji wa Kericho. Baba yake, Ooko, alitoka upande wa ziwa akiwa kijana na akafanya kazi ya kulisha boila kuni katika kiwanda mpaka akastaafu. Mama yake, Adongo, alichuma majani chai mpaka mashine za kuchuma zilipoletwa. Siku hiyo wanawake wengi wa laini walirudisha vikapu vyao, na Adongo akarudi kwao ziwani kulima mtama. Adoyo alibaki na baba yake. Nyumbani alizungumza Kijaluo, michezoni Kikipsigis, shuleni Kiswahili na Kiingereza. Mara nyingi alisema kwamba nchi hii ya chai anaijua kama anavyojua chumba alimozaliwa.

Chuoni kulikuwa na somo la nadharia za ujifunzaji na jinsi ya kuzitumia katika huduma za maktaba. Wengi wetu tulilikariri ili tupite mtihani. Adoyo alilipenda. Alishika mambo matatu na kuyabeba kila alikokwenda: kwamba mtu hujifunza kwa kurudia na kutiwa moyo, kwamba mtu hujenga jambo jipya juu ya lile analolijua tayari, na kwamba anayejifunza hupiga hatua kubwa akiketi na mwenzake aliyemtangulia kidogo. Kulikuwa na jambo la nne, hofu ya maktaba. Mwalimu wetu alisema kuna watu huingia maktabani wakajiona wajinga, wakajificha pembeni na kuinamisha vichwa, nao wanastahili kusogezwa karibu kwa upole.

Baada ya kuhitimu alikaa miaka mingi bila kazi. Aliuza nguo za mitumba pamoja na dada yake, akituma maombi kila mahali. Kwa hiyo kamati ya maktaba ya Kimulot ilipomwita, alilia kanisani mbele ya watu.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mawe kando ya barabara, karibu na kituo ambapo wakulima hupeleka majani chai kupimwa. Chumba hicho kilijengwa kwa mchango wa waumini na wahisani. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Johana, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa haki asiyependa maneno mengi. Siku ya kwanza alimwambia Adoyo wazi:

"Mwalimu, hii nyumba ni ya watu. Wanafunzi wanakuja tu wakati wa mtihani. Watu wazima wakiitumia, itabaki maktaba na wewe utabaki. Wasipoitumia, kamati itampa mtu mwingine ambaye watu wanaenda kwake. Muhula ukikaribia kuisha tutakuja tuone."

Adoyo alikubali. Aliona ni sharti la haki.

Alikuta meza zimepangwa zikitazama ukuta, kila msomaji akimpa mwenzake mgongo, na bango kubwa limeandikwa KIMYA. Aliling'oa bango. Alitangaza darasa la watu wazima kanisani, katika kituo cha majani na hata kwenye dipu ya kuogeshea ng'ombe. Darasa lingefanyika alasiri, baada ya lori la kiwanda kubeba majani. Wachache walikuja, zaidi kwa sababu mvua ya mawe ilikuwa inanyesha na maktaba ilikuwa na paa.

Nadharia ya kwanza haikudumu. Kila mtu alipofaulu kuwasha kompyuta, Adoyo alimpigia makofi na kuwataka wengine wapige. Dorcus, mwimbaji wa kwaya mwenye mdomo mwepesi, hakuvumilia.

"Madam, sisi si watoto wa chekechea. Mimi nimezaa watoto, nimezika bwana, halafu unipigie makofi kwa sababu nimefinya batani?"

Darasa lilicheka, Adoyo akacheka nao, na makofi yakaisha.

Nadharia ya pili ilifanya kazi. Walikuwa wakijaribu kutafuta habari mtandaoni na kuandika maombi marefu kama barua kwa chifu. Adoyo aliwauliza, "Mkiingia shambani, mnang'oa kichaka chote?"

"Hapana. Majani mawili na chipukizi."

"Basi hata hapa chuma maneno mawili na chipukizi. Mengine acha kwenye kichaka."

Jerusa, mjane mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa, ndiye aliyeelewa kabla ya wote. Aliandika pole pole, kidole kimoja, *ng'ombe kiwele kuvimba*, akasoma yaliyojitokeza akinong'ona, kisha akaenda nyumbani kumkanda ng'ombe wake kwa maji ya moto na kumwita daktari wa mifugo mapema. Ng'ombe alipona. Habari hiyo ilizunguka Kimulot haraka, na wiki iliyofuata viti havikutosha.

Miongoni mwa waliokuja alikuwa Kimeli, kijana mwenye mke na mtoto mchanga, aliyeacha shule kabla ya kumaliza msingi. Kazi yake ilikuwa kupakia magunia ya majani kwenye lori la kiwanda. Alitaka kuwa dereva wa lori hilo, lakini leseni ilitaka mtihani, na mtihani ulitaka mtu anayesoma bila kukwama.

Adoyo aliwachunguza wanafunzi wake kama alivyofundishwa. Akaona jambo. Kimeli alipofika mlangoni alichungulia kwanza ndani. Mara nyingine alibaki nje chini ya paa, akisikiliza somo kupitia dirishani hata siku ambazo viti vilibaki wazi. Akiingia, alikaa kona ya karibu na mlango na kuupa mgongo upande wote wa pili. Jerusa naye, aliyekuwa mchangamfu siku nyingine, siku Kimeli alipokuwepo alijifunika leso mpaka kwenye paji la uso, akaongea kwa sauti ndogo au asiongee kabisa.

Kwa Adoyo jibu lilikuwa wazi. Hofu ya maktaba! Watu wawili, mmoja mwepesi, mwingine mzito, wote wakijificha. Alitutumia sisi wenzake ujumbe mrefu kwenye simu, akieleza jinsi atakavyowaketisha pamoja, mwepesi akimvuta mzito, na jinsi hofu ya wote wawili itakavyoyeyuka kwa ukaribu.

Dorcus alijaribu kumzuia. Alibaki nyuma siku moja, akijifanya anatafuta mwavuli.

"Madam, hao wawili waache tu hivyo."

"Nani?"

"Yule wa kona na yule wa leso. Wako sawa hivyo."

"Hawako sawa, Dorcus. Wanaogopa."

"Ee," Dorcus alisema, akautazama mlango. "Wanaogopa. Lakini iko kuogopa na kuogopa." Kisha akafungua mwavuli wake akiwa bado ndani ya nyumba, akaenda.

Angeweza kusema zaidi. Lakini uhusiano wa aina hiyo hautangazwi huku kama bei ya mahindi. Anayepaswa kuujua anaujua, na anayeutaja mbele ya wenyewe anawaongezea haya.

Siku ya kamati ilifika. Adoyo aliwahi asubuhi, akavuta meza zote katikati ya chumba, akaziweka mbili mbili, viti viwili kwa kompyuta moja. Aliandika majina kwenye kadi na kuyabandika. Wanafunzi walipoingia, kila mmoja alitafuta kadi yake. Kimeli alisoma yake, akasoma iliyokuwa kando yake, akasimama.

"Madam, mimi nitakaa na Dorcus."

"Hapana, Kimeli. Keti mahali pako. Hapa hakuna mtu wa kuogopwa."

Mtu mmoja alikohoa. Jerusa alikuwa bado amesimama kando ya rafu.

"Mwalimu," alisema, "leo macho inaniuma. Wacha nirudi nyumbani."

"Kimeli atakusomea, mama. Ndiyo maana ya kusaidiana."

Wakati huo Mzee Johana na wenzake wa kamati walikuwa wameshaingia, na mmoja wao alikuwa akimwonyesha mwenyekiti rafu mpya upande wa nyuma. Walikuwa wamewapa wanafunzi mgongo. Kumkatalia mwalimu mbele ya wageni ni utovu wa adabu, na kutaja sababu kungekuwa kubaya zaidi. Jerusa akaketi ukingoni mwa kiti, uso kwenye dirisha. Kimeli akaketi ukingoni mwa chake, uso kwenye mlango. Kati yao kulikuwa na kompyuta ambayo hakuna aliyeitazama.

Adoyo alizunguka darasani akiwa na furaha. Alipofika kwao aliona kishale kimesimama pale pale kwenye skrini. Mkono wa Kimeli ulikuwa juu ya kipanya, umekakamaa.

"Mama Jerusa, mwonyeshe."

Jerusa alizidi kutazama dirisha.

"Hivi, mama." Na kwa upole kabisa, kwa ule upole tuliofundishwa, Adoyo aliuchukua mkono wa Jerusa kutoka mapajani, akauweka juu ya mkono wa Kimeli, akaubonyeza kidogo.

Kimeli aliruka kama aliyeguswa na chuma cha moto. Kiti chake kilianguka. Jerusa alijifunika uso wote kwa leso, akatamka neno moja la Kikipsigis, lile la kumwita Mungu, akatoka nje akigonga meza njiani. Wanawake walimfuata mmoja baada ya mwingine, hata Dorcus. Wanaume walibaki wameinama wakitazama sakafu. Kimeli alikuwa amesimama ukutani, mkono wake ameuficha nyuma ya mgongo.

Mzee Johana aligeuka kutoka kwenye rafu. Alitazama kiti kilichoanguka, akamtazama Kimeli, akazitazama kadi mbili mezani.

"Mwalimu," alisema polepole, "huyo ni mama ya bibi yake."

Adoyo aliniambia kwamba hakumsikia vizuri, au alisikia na maneno yakakataa kuingia. Halafu yakaingia yote kwa pamoja. Hata kwao ziwani mtu hamkaribii mama mkwe. Kaka yake mkubwa, akisikia mama mkwe wake yuko njiani, hubadilisha njia. Adongo, mama yake, ambaye hajawahi kusoma nadharia yoyote, angesimama mlangoni mara moja tu, akaiona ile leso na ule mgongo, akajua.

Wapo vijana hapa wanaosema hayo ni mambo ya zamani, na kwamba hakuna aliyekufa kwa kumgusa mkwe. Ni kweli. Hakuna aliyekufa. Jerusa ni mwanamke wa kanisa na haamini laana. Lakini aibu si laana, wala haiondolewi kwa maombi. Wazee walikaa, Kimeli akapeleka kondoo kwa wakwe zake, maneno ya kutakiana heri yakasemwa. Baada ya hapo hakuna aliyelizungumzia jambo lile hadharani, na hakuna aliyelisahau.

Nelvine, mke wa Kimeli, ndiye pekee aliyesema. Alikutana na Adoyo kwenye soko la mboga, mtoto mgongoni.

"Ee, Mwalimu Shikanisha! Leo umekuja kushikanisha nani? Hapa kuna mwenye viazi na mwenye kabeji, hawajaoana!"

Waliokuwa karibu walicheka, kisha wakajizuia. Adoyo alianza kuomba msamaha, lakini Nelvine alikuwa ameshageuka, akipangusa macho. Jina la Shikanisha lilibaki. Watoto walilipokea, nao watoto hawajizuii.

Alasiri zilizofuata Adoyo alifungua mlango, akawasha kompyuta, akangoja. Alirudisha meza ukutani. Alitangaza siku ya wanawake na siku ya wanaume. Hakuna aliyekuja. Wanawake walikuwa wakimngojea Jerusa arudi kwanza, maana kumtangulia kungekuwa kama kusema hawakuona kitu.

Mwishowe alikwenda nyumbani kwa Jerusa. Alimkuta akiosha kibuyu cha maziwa. Jerusa alimkaribisha, akampa chai yenye maziwa mengi, akaketi mkabala naye. Adoyo alipiga magoti, lakini Jerusa alimshika mkono akamwinua.

"Usifanye hivyo, mwanangu. Mimi sina ubaya na wewe. Hukujua."

"Ningeuliza, mama."

"Ungeuliza nani? Nani angekuambia?" Alimwongezea chai. "Nilikuwa nimeanza kuona njia. Nilikuwa nataka nisome ile ya kutengeneza chakula ya ng'ombe wakati wa kiangazi."

"Basi rudi, mama. Nimeweka siku tofauti. Siku yako Kimeli hatakuwepo."

Jerusa alitabasamu kwa huruma.

"Watu watajua siku yangu na siku yake. Na kila siku hiyo ikifika, watakumbuka kwa nini ziko mbili. Nikikaa nyumbani, watasahau polepole. Huyo kijana ni bwana ya mtoto wangu. Nikirudi pale nitamfungia yeye mlango. Naye akirudi atanifungia mimi. Nyumba ni moja."

Adoyo aliniambia alitafuta jibu katika kila alichosomea, palepale, kikombe mkononi. Nadharia zote zilijua la kufanya na mtu asiyetaka kujifunza, au asiyeweza. Hapa alikuwa na wawili waliotaka na walioweza, na kila mmoja alikuwa amekaa nje kwa ajili ya heshima ya mwenzake.

"Kunywa chai, itapoa," Jerusa alisema.

Kamati ilikutana mwisho wa muhula. Mzee Johana alikwenda mwenyewe kumpa Adoyo habari, na aliongea akizitazama rafu.

"Mwalimu, nilifundisha miaka mingi. Nilichokiona hapa wiki zile, watu wazima wakigombania kusoma, sikuwahi kukiona. Lakini hatuwezi kuweka nyumba ya watu bila watu."

"Nipeni muhula mmoja, mzee."

"Nikikupa, nani atakuja?"

Adoyo hakutaka kumdanganya, kwa hiyo alianza kushusha vitabu kutoka rafuni.

Chumba alipewa Weldon. Yeye watu walikuwa wakienda kwake tangu mwanzo, na saiba yake ilikuwa ndogo. Vitabu vilipakiwa kwenye magunia ya majani chai na kupelekwa katika stoo ya shule ya msingi, ambako vimefungiwa pamoja na madawati mabovu. Weldon si mtu mbaya. Alimwona Adoyo akifagia chumba kwa mara ya mwisho, akamwambia, "Madam, wewe unachapa haraka kuliko mimi. Kaa hapa tufanye kazi. Lakini hapa hakuna masomo, tusielewane vibaya. Mtu akuje, umfanyie, aende. Ukianza kumfundisha, foleni inasimama, na mimi nitakosa wateja."

Adoyo alikubali. Baba yake ni mzee sasa, kifua chake kimejaa moshi wa boila, na kazi nyingine hakuna.

Nilimtembelea mwezi uliopita. Nilikaa kwenye benchi nyuma yake nikamtazama akichapa. Watu walikuja wakimtajia majina yao kwa sauti, tarehe za kuzaliwa, hata nambari zao za siri, na yeye alichapa bila kuinua macho. Hakuna aliyemwita Shikanisha. Walimwita madam, wakamshukuru, wakaenda.

Kisha alikuja Kimeli. Kiwanda kilikuwa kikitafuta vibarua wa kupakia, na wale wa zamani walitakiwa kuomba upya kwa mtandao. Alisimama mbali kidogo na meza. Adoyo alimsalimu, naye akaitikia akitazama ukuta. Alitaja jina lake, nambari ya kitambulisho, kijiji.

Fomu ilifunguka. Adoyo alipokuwa akisogeza mkono kuchapa, Kimeli aliinama kidogo kuelekea skrini. Midomo yake ilianza kutembea.

"U... zo... efu," alisoma. "Uzoefu wa..."

Mikono ya Adoyo ilisimama juu ya kibodi. Alimwacha asome. Kimeli alikunja uso, akaurudia mwanzo, akakwama kwenye neno lilelile la tatu.

"Madam, kwani kompyuta imekwama?" mtu aliuliza kutoka nyuma ya foleni. "Lori inafika!"

Weldon aliinua kichwa. Kimeli alirudi nyuma hatua moja, akaona aibu, akapangusa mdomo wake kwa kiganja.

"Ni uzoefu wa kazi," Adoyo alisema. "Umepakia miaka mingapi?"

Kimeli alimwambia. Adoyo akaandika, akajaza nafasi zilizobaki zote, akabonyeza kutuma, akamwita anayefuata.